Mpangaji wa Nyumba ya Mama

Ilipopita arobaini ya mama, kaka yangu alikusanya funguo za nyumba ya Kisarawe akanikabidhi mimi. Yeye anaishi Dar es Salaam, ana watoto wengi na kazi isiyompa nafasi. Mimi niko Misugusugu, Kibaha, nashona nguo katika kibanda kilicho kando ya barabara, mbele ya nyumba tuliyojenga na mume wangu. Kutoka kwangu hadi Kisarawe si karibu. Unashuka Mbezi, unatafuta gari la Gongo la Mboto, halafu unapanda lile la Kisarawe, mlimani. Lakini kaka alisema mimi ndiye mtoto wa kike, nyumba ya mama inanihusu zaidi.

"Tuipangishe," alisema. "Nyumba ikikaa bila moto jikoni inaoza."

Nilitamani kumwambia tuiache kama ilivyo, tuwe tunakwenda kuifagia na kukaa kidogo barazani, basi. Ila ukisema neno kama hilo mbele ya mtu mwenye hesabu zake, unaonekana mtoto. Nikaenda, nikavihamishia vitu vya mama kwenye kichumba cha nyuma: makawa ya kufunikia chakula, mikeka yake ya ukili aliyosuka mwenyewe, sanduku la nguo, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Nikakifunga kwa kufuli. Nyumba iliyobaki ikawa vyumba vitatu vitupu na banda la jiko uani.

Mpangaji wetu hakuja mwenyewe kuitazama nyumba. Alikuja mwanawe, dereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo, kijana mrefu mwenye adabu, aliyevua viatu mlangoni ingawa ndani hamkuwa na hata jamvi.

"Ni kwa ajili ya mama yangu," aliniambia. "Kule kwetu Mbulu amebaki peke yake. Baba alishafariki, ng'ombe walikwisha kwa ukame. Nataka awe karibu, nikirudi safari nimkute. Dar joto litamuua. Hapa kwenu naona kuna kaupepo."

Alilipa miezi sita kwa mkupuo. Nilipopanda tena Kisarawe kumkabidhi funguo za ziada, nilimkuta mama yake amekaa barazani, pale pale mama alipokuwa akikaa kusuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, amejifunika shuka zito ingawa jua lilikuwa limesimama. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama mwenye nyumba."

Neno lile lilinichoma. Kwenye baraza ile, mama mwenye nyumba alikuwa mtu mwingine. Nilimwomba asiniite hivyo. Akacheka, akasema, "Basi mwanangu." Ikabaki hivyo.

Mwaka wa kwanza haukuwa na neno. Kodi ililetwa na yule kijana, mara nyingine kabla ya siku yake. Mimi nilikuwa nakwenda kwa nadra, kuangalia paa au kulipia taka, nakaa robo saa naondoka. Yule mama alikuwa msafi kupita kiasi. Uani alifagia mistari iliyonyooka kama mtu aliyepiga reki. Alipanda maharage kando ya uzio, yakakataa, akapanda tena.

Kisha simu ya kijana ikazimika.

Mwanzoni hatukushtuka. Madereva wa masafa hupotea wiki, hata mwezi, wakikwama mpakani. Lakini mwezi ulipita, na mwingine, na siku ya kodi ikapita nayo. Ndipo yule mama aliponipigia mwenyewe, kwa kitochi chake.

"Mwanangu, mtoto simpati," alisema. "Mimi ni mtu mmoja, nyumba nzima ya nini? Nipe chumba kimoja tu, nitakilipia mwenyewe."

"Kwa kipi, mama?"

"Ile ya serikali. Ya kaya maskini. Mwenyekiti wa mtaa aliniandikisha. Ikiingia, ya chumba nitaitoa kwanza, ndipo ninunue unga."

Na kweli ndivyo alivyofanya. Ruzuku ile haikuwa nyingi na haikuja kila mwezi, lakini kila ilipokuja nilipata simu asubuhi ile ile: "Mwanangu, imeingia, njoo." Angeweza kunitumia kwa simu kama watu wote. Alisema haamini fedha isiyoshikika. Basi nikawa napanda mlima kuchukua kodi ya chumba kimoja, na nauli yenyewe ilikuwa inaila karibu nusu. Mume wangu alinicheka. Kaka hakucheka.

Chumba alichokichagua kilikuwa cha karibu na jiko. Kilikuwa chumba cha mama.

Halafu ruzuku nayo ikakata. Msimu wa kwanza alinipigia kuniambia haijaja. Wa pili hakunipigia. Wa tatu kaka alinipigia yeye.

"Mdogo wangu, sisi si watu wa misaada," alisema. "Nimepata walimu wawili, mume na mke, wamepangiwa shule ya huko huko. Wanataka nyumba nzima na wana fedha mkononi. Nenda kamwambie huyo mama mwisho wa mwezi awe ameshatoka. Kistaarabu tu."

Nilipanda Kisarawe siku ya mvua, maneno yangu nimeyapanga kichwani. Ningeanza na salamu, ningeuliza hali, ningesema kaka ana shida zake, ningesema mwisho wa mwezi. Nilipofika uani nilisimama. Alikuwa jikoni, amenipa mgongo, amejifunga khanga kiunoni, anapuliza moto. Mvua ilikuwa inalia juu ya bati la banda, na moshi ulikuwa unatokea pale pale ulipotokea siku zote, kwenye pengo kati ya ukuta na paa ambalo baba hakuwahi kuliziba. Nilisahau sentensi ya kwanza.

"Karibu ndani, utalowa," alisema bila kugeuka. Alikuwa ameshaijua hatua yangu.

Alinipakulia makande. Aliyapika bila nazi, kama kwao, na pembeni aliniwekea kibakuli cha tui.

"Najua nyinyi bila nazi hamuoni kama mmekula," alisema. "Nimejifunza kukuna. Nimejikata mara mbili."

Nilikula. Kila nilipofungua mdomo niseme lililonileta, alinitangulia.

"Nadaiwa, najua. Sijasahau hata siku moja. Ile fedha ipo, lakini mashine ya vidole imenikataa. Nikienda wananiambia njoo tena."

"Umekwenda mara ngapi?"

"Mpaka wamenizoea. Wananipa kiti."

Mvua ikazidi. Barabara ya kushukia stendi ikawa mto wa udongo mwekundu. Alinitandikia mkeka sebuleni, akaniambia nijinyooshe, mvua ile haikatiki sasa. Nilikataa, halafu nikajinyoosha, halafu usingizi ukanichukua.

Nilipozinduka sikujua ni saa ngapi wala mimi ni nani. Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Nilisikia kandambili zikikokotwa kutoka jikoni kuja ukumbini, na mtu akikohoa kidogo, kikohozi cha moshi. Mwanga ulikuwa wa alasiri baada ya mvua, ule unaoingia kupitia dirisha la magharibi na kulala sakafuni. Mwili wangu wote ulijua kwamba mama anakuja kuniamsha nikaswali, na kwamba nikichelewa atanivuta kidole gumba cha mguu.

"Mama!" niliita.

"Naam, mwanangu," alijibu yeye, akachungulia mlangoni, mikono imejaa unga.

Hapakuwa na kosa lolote. Kila mwanamke mzima kwetu huitwa mama, na kila anayeitwa huitika. Nilimwambia nilitaka kujua kama mvua imekatika. Akasema imekatika. Nikanawa uso pipani, nikachelewa kusudi kunawa.

Nilishuka mlima bila kusema lililonipandisha. Kaka aliponipigia nilimwambia nimempa muda.

"Muda gani?"

"Kidogo."

Kuanzia hapo nilikuwa nakwenda mara nyingi kuliko ilivyolazimu. Nilikuwa nikimaliza sare za shule za watu au gauni la harusi, nafunga kibanda, namwambia mume wangu nakwenda kufuatilia kodi. Lilikuwa neno lisilo na mjadala. Nilikuwa nafika, nakaa jikoni kwenye kigoda, tunachambua mchicha. Yeye alikuwa ananisimulia kwao. Alisema asubuhi za Kisarawe, ukungu unapopanda kutoka msitu wa Pugu, humdanganya. Akifungua mlango bado ana usingizi, hudhani yuko Mbulu na kwamba akipiga mluzi ng'ombe watageuza vichwa.

"Halafu?"

"Halafu jogoo wa jirani anawika, na yule jogoo namjua, ni wa huku."

Alikuwa anamkumbuka marehemu mumewe kwa namna alivyokuwa akivua kofia mlangoni. Alikuwa anaikumbuka baridi, na mahindi ya kuchoma wakati wa baridi. Mwanawe hakumtaja kama mtu anayekumbukwa. Alimtaja kama mtu aliyekwenda dukani: "Akija nitamwambia azibe pale." "Akija tutakwenda hospitali, haya macho." Mimi nilikuwa nasikiliza na kuangalia kuta. Kwenye kuta zile nilikuwa najua mahali pa kila msumari.

Siku moja nilimsindikiza ofisi ya kata. Ilikuwa siku ya malipo, wazee wamejaa kwenye mabenchi chini ya turubai, wengi wao wa Kisarawe asilia, wanaume wenye kofia za kiua na bibi zetu wenye khanga mbili. Alikuwa anawasalimia wote, nao wakimwita "Mmbulu wetu". Binti aliyeshika mashine alikuwa mpole. Alimfuta kidole gumba kwa kitambaa, akakibonyeza kiooni. Taa nyekundu. Akampaka mafuta. Nyekundu. Akajaribu cha pili, cha tatu, mkono mwingine.

"Bibi, vidole vyako havina alama," alisema.

"Vilikuwa nazo," alijibu yule mama. "Nimeziacha kwenye chuchu za ng'ombe na kwenye mpini wa jembe."

Wazee walicheka, naye akacheka nao. Binti akatazama kwenye orodha.

"Katika kaya yako kuna mwingine aliyeandikwa? Anaweza kuweka kidole kwa niaba yako."

"Yupo. Mwanangu."

"Basi njoo naye, tumalize leo leo."

"Atakuja," alisema, kama mtu aliyeombwa alete mwavuli.

Tulirudi kwa miguu. Njiani alininunulia kipande cha fenesi kwa sarafu zilizobaki kwenye pindo la khanga. Nilimkatalia, akanishikisha kwa nguvu. Nilikula nikiwa nimegeukia upande wa bondeni, asinione macho.

Kaka alichoka kungoja. Alikuja mwenyewe Jumapili moja, amevaa shati alilopiga pasi, na mimi nikiwa nimetangulia kwa sababu sikutaka amkute peke yake. Yule mama alimpokea vizuri.

"Karibu baba."

Kaka alikataa kiti, akasimama, akaona amesimama mbele ya mtu mzima aliyekaa, akakivuta kiti akakaa.

"Mama, sikuja kugombana," alianza.

"Najua, baba. Umekuja kuniondoa."

Kaka alinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nimeyapeleka maneno. Sikuwa nimeyapeleka.

"Huko kwenu huna ndugu?" aliuliza.

"Wapo watoto wa dada yangu. Na nyumba yangu ipo, nimeifunga."

"Sasa kwa nini usirudi? Nauli nakupa mimi. Sasa hivi. Na hilo deni tutalizungumza baadaye, au tusilizungumze kabisa."

"Ahsante, baba, nashukuru sana." Alikunja na kukunjua ncha ya shuka. "Lakini unajua mwanangu aliniacha wapi siku ya mwisho? Aliniacha hapa. Nilikuwa nimekaa hapa, na yeye alisimama pale ulipoacha viatu. Ile simu yangu aliyokuwa nayo namba yake iliibwa sokoni. Hii ya sasa haijui. Akirudi atakuja kubisha hodi hapa. Atoke mtu mwingine amwambie mama yako alishaondoka?"

"Atakufuata Mbulu."

"Labda. Na labda atakuwa amechoka." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kawaida. "Nyumba wape watu wako. Hawajakosa, wana haki yao. Mimi niache jikoni. Nitalala jikoni, kuna joto. Nataka tu niusikie mlango."

Kaka aliinuka akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimfuata baada ya muda nikamkuta amesimama kwenye banda la jiko, mkono mmoja ameuweka juu ya mwimo wa mlango, pale ambapo mti umelainika kwa mikono ya watu. Sikumbuki kama nimewahi kumwona kaka ameshika kitu chochote cha nyumba ile tangu tulipomzika mama.

"Nilipokuwa jeshini," alisema, "unakumbuka? Mama alikuwa haendi kulala kwenye shughuli ya mtu yeyote. Harusi ya shangazi alirudi usiku huo huo. Alisema nitakuja nikute mlango umefungwa."

"Nakumbuka."

"Na mimi nilikuwa sina hata habari. Nilikuwa nacheza mpira huko."

Aling'oa kibanzi kwenye mwimo, akakichezea vidoleni. Kisha akasema yule mama akae hadi masika yaishe, hao walimu atawaambia wasubiri au watafute kwingine, lakini kodi ni kodi, nielewe hivyo. Nilisema nimeelewa. Wakati wa kuondoka alimwachia yule mama fedha ya mchele chini ya kikombe cha chai, akadhani sikuona.

Masika yale yalikuwa marefu. Nilikuwa naomba yawe marefu zaidi. Watu wa Misugusugu walikuwa wakilalamika kwamba maji yamewaingilia ndani, na mimi nikitikisa kichwa pamoja nao, huku moyoni nahesabu mvua kama mtu anayehesabu siku za likizo zilizobaki.

Simu ilikuja asubuhi, nikiwa natia uzi sindanoni. Ilikuwa namba ya jirani wa yule mama.

"Mwanangu," alisema, "hodi imebishwa."

"Hodi gani, mama?"

"Hodi." Halafu akashindwa kuendelea, na nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume ikisema, "Mama, basi, mama, lete hiyo simu."

Nilifunga kibanda. Nilipofika nilimkuta yule kijana amekaa barazani, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama ubao. Alikuwa amekonda hata nikadhani ni ndugu yake mkubwa. Alinisalimia kwa adabu ile ile. Aliniambia lori lake lilipinduka huko Zambia likaungua, na simu ndani yake. Mtu wa gari jingine alifariki. Yeye alilazwa, na alipotoka hospitali alizuiwa hadi kesi ilipokwisha na kuonekana hakuwa na kosa.

"Watu walikuwa wananiambia, piga simu nyumbani," alisema. "Namba ya mama sikuwa nayo kichwani, nilikuwa nabonyeza jina tu. Nikawa najua njia peke yake. Ukishuka stendi, upande wa kushoto, nyumba yenye baraza ya saruji nyekundu. Nilikuwa nairudia hiyo kila siku ili nisiisahau."

Mama yake alikuwa ameketi karibu naye, hamgusi, anaitazama tu sahani yake ikipungua.

Lilikuwa jambo la furaha na nilifurahi. Nilimkumbatia yule mama, tukalia wote. Lakini kijana aliposema, "Sasa nitamrudisha nyumbani, mimi udereva nimeacha," niliinama kuokota kikombe kisichokuwa kimeanguka.

Deni alilimaliza kwa namna yake. Alikuwa na kiwanja huko Janga, upande wa Kibaha, alichonunua zamani, akitaka kumjengea mama yake na kulima kidogo. Alikiuza. Akaja Kibaha hadi kibandani kwangu na mkongojo wake, akaniwekea bahasha juu ya cherehani. Nilimpigia kaka. Kaka akaniuliza kijana ana hali gani, nikamweleza. Akasema, "Chukua nusu. Nyingine mwambie ni ya nauli na hospitali." Kijana alibishana nami hadi wateja wakageuka, mwishowe akakubali.

Siku ya kuondoka kwao nilifika mapema. Yule mama alikuwa ameshaosha kila kitu. Jikoni majivu ameyatoa, mafiga ameyapanga, uani amechora ile mistari yake. Mizigo yao ilikuwa midogo, mifuko miwili ya sandarusi na kreti la vyombo. Kijana alitangulia kutafuta bajaji. Tukabaki wawili barazani.

"Kile chumba cha nyuma," alisema, "sijawahi kukifungua."

"Najua, mama."

"Lakini nilikuwa napita kufagia mlangoni pake. Kila siku. Nilikuwa naona vibaya kufagia kote nikaacha pale."

Nilijishughulisha na kukaza fundo la mfuko mmoja wa sandarusi.

"Siku ile ya mvua uliita," aliendelea. "Nilijua humwiti Mmbulu. Niliitika kwa sababu mtu akiitwa, na aliyeitwa hayupo, si vizuri ikakaa kimya."

Bajaji ilikuja. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, ile mikono isiyo na alama, akaninong'oneza maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa wala sikuuliza. Kisha akapanda, akajifunika shuka lake, na kijana akamwekea mkongojo magotini aushike. Niliwatazama hadi walipokata kona ya ofisi za wilaya.

Niliingia ndani nikakaa. Nilikaa katikati ya ukumbi mtupu, nikangoja ile hali ije, ile ya alasiri ya mvua. Haikuja. Palikuwa na harufu ya sabuni tu, na sauti ya watoto wa shule wakipita nje.

Wale walimu hawakuwa wamepata kwingine. Waliingia wiki iliyofuata. Ni watu wazuri, sina la kuwalaumu. Wameweka grili madirishani, wamebadilisha mlango wa mbele kwa gharama yao, jikoni wameleta gesi na lile pengo la paa wameliziba. Kichumba cha nyuma walikihitaji kwa ajili ya mtoto, kwa hiyo vitu vya mama viko kwangu Misugusugu, chini ya kitanda na juu ya kabati. Kodi inaingia kwenye simu. Naweza kuwa napima mtu kiuno, simu ikalia, nikasoma ujumbe, nikarudi kwenye futi yangu. Hawajawahi kuchelewa hata siku moja.

Kwa hiyo sina sababu ya kupanda. Niliwahi kwenda mara moja, nikasema nimekuja kuona paa. Mwalimu wa kike alinikaribisha sebuleni kwenye kochi, akaniletea soda kwenye sinia, akakaa mbele yangu kunihudumia kama mgeni. Nilikunywa soda. Nilimsikia mtu akipika kule nyuma, lakini palikuwa na redio. Nikaaga. Mume wangu aliponiuliza paa likoje, nilisema liko salama.

Kaka naye siku hizi hunipigia bila sababu. Anauliza kuhusu biashara, anauliza kuhusu mvua za Kibaha. Juzi aliniuliza kama nakumbuka mama alikuwa akitia nini kwenye mchuzi wa kunde, kwa sababu mkewe amejaribu na haukuwa ule. Nilimtajia nilivyokumbuka. Akasema labda ni kuni.

Yule mama nampigia Ijumaa. Mwanawe amemnunulia simu nyingine na amejifunza namba zetu sote kwa kichwa. Yule mama huwa anapokea kwa kupaza sauti, kana kwamba Mbulu na Kibaha zinaonana. Wiki iliyopita alisema kuna baridi kali, amevaa soksi mbili, na kwamba usiku akizinduka huwa anasikiliza kama yule jogoo wa jirani atawika.

"Na nyumba haijambo?" aliuliza.

"Haijambo, mama."

"Umekwenda lini?"

Nilikuwa na kitambaa cha mtu mapajani, nusu kimeshonwa. Malori yalikuwa yanapita barabarani, moja nyuma ya jingine. Nikamwambia, sijakwenda siku nyingi. Hakunilaumu. Alisema na yeye akiniwaza huniweka jikoni, kwenye kile kigoda, nachambua mchicha. Akaniambia nisikate simu kwanza. Tukakaa hivyo, hakuna aliyesema, hadi salio langu lilipokwisha.